Dawa Zinanila Mtaji

SWALI

Shangazi, salaam aleikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mama wa watoto wawili, nauza mitumba, au mivumba kama tunavyosema huku. Mji wangu nisiutaje. Jua tu niko West Nile, Uganda, ng'ambo ya daraja la Pakwach, na Arua kwetu ni safari ya saa moja na nusu kwa taksi.

Miaka minne iliyopita niliambiwa nina bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kupita kiasi, kisha kumshusha. Nilikuwa nimemaliza siku sita bila usingizi, naimba njiani, nagawa nguo za kibandani bure, mwisho nikafungwa kamba nikapakiwa kwenye pikapu mchana kweupe. Baba wa watoto alinirudisha kwetu mwezi huohuo. Nimekutajia hayo ili uelewe kwa nini sitibiwi hapa karibu. Wauguzi wa huku wananijua, na wanaokaa kwenye foleni wananijua zaidi. Mara moja nilijikaza nikaenda hospitali ya serikali ya wilayani, nikakaa tangu asubuhi, na zamu yangu ilipofika dirishani nikaambiwa dawa zimekwisha, kanunue. Siku hiyo niliapa sirudi.

Kwa hiyo kila mwezi napanda basi la usiku hadi Kampala, kwa daktari mwenye kliniki yake. Nalala kwa binamu yangu Kisenyi, kesho yake narudi. Hesabu ni hii. Basi kwenda na kurudi, 140,000. Kumwona daktari, 80,000. Dawa ya valproeti ya mwezi, 110,000. Dawa ya pili, olanzapini, 50,000. Vitamini za ubongo ambazo kliniki hunipa pamoja na dawa, 40,000. Boda na chakula, 30,000. Jumla 450,000, na mwezi mzuri kibanda hunipa faida ya 600,000. Ada za watoto, chakula cha nyumbani na kodi ya kibanda vinatoka wapi?

Mwaka jana mwezi wa pili, shule zilipofunguliwa, nililipa ada nikaacha dawa kwa wiki tano. Ugonjwa ukanipandisha tena. Nikachukua marobota matatu kwa deni, nikayauza kwa bei ya kutupa. Nililazwa wiki tatu, mama yangu akilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, kibanda kimefungwa. Tulipokaa kuhesabu, pamoja na mganga aliyetaka mbuzi wawili, hasara ilikuwa 2,400,000. Nimemaliza kulipa deni juzi tu.

Sasa nimepata ujanja. Kwa wiki sita nameza dawa siku moja, naruka siku moja. Naokoa 80,000 kwa mwezi na sioni tofauti yoyote. Kusema kweli niko vizuri kuliko zamani. Naamka saa tisa usiku, napanga nguo, napiga pasi, alfajiri ikifika nimemaliza kazi ya siku nzima na sichoki. Nimeshazungumza na muuzaji wa jumla anipe marobota matano kwa ajili ya Idd.

Nauliza: naweza kuendelea hivi? Pia jirani yangu ana kifafa, anapewa kabamazepini bure kwenye kituo cha afya, naye anasema mtoto wa mjomba wake mwenye ugonjwa kama wangu anatumia hiyohiyo. Nihamie huko? Na kama kuna njia nyingine ya kupunguza gharama, niambie. Kuna mtu ananiposa, Shangazi, mtu mzuri, na sitaki aje kuoa deni. (Mkononi nina kijiti cha kuzuia mimba, kwa hiyo hilo lisikutie wasiwasi.)

Muuza mivumba, West Nile


JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata hesabu, na nitairudia, maana umeiandika vizuri kuliko wengi wanaoniandikia habari za pesa. Mara ya pili nilikwama pale uliposema unaamka saa tisa usiku, unapiga pasi hadi alfajiri na huchoki. Hapo niliweka kikombe chini.

Mtu aliyekosa usingizi kwa mawazo huamka amevunjika. Mwenye bipola anayelala kidogo na kuamka na nguvu za watu watatu, huyo ameanza kupanda. Ongeza wiki sita za kuruka dawa. Ongeza marobota matano ya deni, wakati mwaka jana matatu tu yalikuzamisha. Kabla ya kuandika safu hii nilivaa gauni la uuguzi miaka mingi, na "niko vizuri kuliko zamani" nimeisikia mlangoni mwa wodi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuhesabia.

Kwa hiyo shilingi zisubiri kidogo. Kesho asubuhi mpigie simu daktari wako wa Kampala, umwambie ukweli wote: unameza siku moja unaruka siku moja, na usingizi umepungua. Akueleze unarudije kwenye dozi kamili. Usijilipizie zile ulizoruka kwa kumeza mbili mbili. Asipopokea simu usingoje arudi. Nenda na mama yako hospitali yoyote iliyo karibu yenye mtu wa magonjwa ya akili, hata kama ni ile uliyoiapia. Na muuzaji wa jumla mwambie marobota yasubiri mpaka utakapolala usiku kamili kwa wiki mbili mfululizo. Akikuuliza sababu, mwambie mtaji haujatimia. Si uongo.

Haya, tuhesabu sasa. Kwa kuruka siku unaokoa 80,000 kwa mwezi. Kuugua kwa mwaka jana kulikula 2,400,000. Gawanya mwenyewe, itakuja miezi 30. Yaani ungeruka dawa miaka miwili na nusu, usiugue hata mara moja, ndipo uwe umelipia ugonjwa mmoja. Wewe unayejua kukagua robota kwa kulipapasa tu, biashara hii ungeinunua? Na hapo hatujaweka mteja aliyehamia kibanda cha jirani, wala mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada. Dawa hizi si za kichwa kinachouma, kwamba ukimeza leo umepona leo. Zinakulinda zikikaa mwilini kwa kiwango chake kila siku. Dozi ndicho kitu cha mwisho kupunguzwa katika hesabu yako, na wewe umeanza nacho.

Tazama tena zile 450,000. Dawa zenyewe, valproeti na olanzapini, ni 160,000. Zinazobaki, 290,000, si dawa. Huko ndiko pesa yako inakovujia.

Vitamini za ubongo zifute leo. Bipola haitibiwi kwa vitamini. Ukihisi una upungufu wa damu upimwe, upewe dawa yake, ambayo ni ya bei ndogo. Hapo umekwisha kuokoa nusu ya kile ulichokuwa unakipata kwa kuruka siku, na hukuhatarisha kitu.

Inakuja safari. Basi, boda na chakula ni 170,000 kila mwezi, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Nitakuambia neno gumu na ulipokee kutoka kwa mtu mzima: hiyo ni nauli ya aibu. Sikucheki. Kufungwa kamba mbele ya watu wanaokununulia nguo ni jambo ambalo mimi mwenyewe nisingelisahau. Lakini fikiri, hao walio kwenye foleni wana lao. Mmoja amemleta mwanawe mwenye kifafa, mwingine amefuata majibu ya VVU. Nao wanaomba usiwaone. Baada ya kuja mara tatu umetulia, umevaa vizuri, daftari mkononi, watakuwa na picha nyingine ya wewe. Ile ya pikapu inafutwa hivyo. Ukikimbilia Kampala inabaki palepale.

Huduma katika vituo vya serikali Uganda haitozwi ada tangu mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Sheria ya Afya ya Akili iliyopitishwa mwaka 2018 inasema waziwazi kwamba mgonjwa wa akili atunzwe na kutibiwa hadi ngazi ya kituo cha afya cha karibu, asingoje kupelekwa Butabika, hospitali kuu ya akili kule Kampala. Najua sheria haijazi kabati la dawa. Lakini inakupa mdomo wa kuuliza.

Mimi ningepanga hivi. Usikate uhusiano na daktari wa Kampala kwa hasira. Mwombe barua ya rufaa inayoeleza ugonjwa wako, dawa na miligramu zake, dawa zilizojaribiwa zikashindwa, na mara ulizolazwa. Toa nakala mbili. Kwa barua hiyo nenda Arua. Hospitali ya rufaa ya mkoa pale ina kitengo cha akili, na Arua hakuna anayejua kibanda chako, kwa hiyo kama aibu bado inakukaba, anzia huko. Utakayemwona huenda asiwe daktari bingwa. Mabingwa wa akili nchini ni wachache na wengi wako Kampala. Utamwona afisa wa tiba aliyesomea magonjwa ya akili, na usimdharau. Wanafunzwa Butabika kwa kazi hiyo hasa, wanaruhusiwa kuandika dawa, na wengi wameona bipola nyingi kuliko daktari wa kliniki yenye kiyoyozi. Hali ikitulia, mwombe akuandikie uchukue dawa kwenye kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali ya kwenu, na Arua uende kila baada ya miezi mitatu tu. Nunua daftari la shule, andika humo kila kitu, usilipoteze. Daftari likipotea, matibabu yanaanza upya.

"Na wakiniambia tena kanunue?" Watakuambia, tusidanganyane. Ila dawa za vituo vya serikali huletwa na Bohari ya Taifa ya Dawa kila baada ya miezi miwili, mara sita kwa mwaka. Mzigo ukifika kabati hujaa, na kadiri mwisho wa mzunguko unavyokaribia ndivyo rafu zinavyobaki na vumbi. Wewe muuza mitumba unajua maana ya kufika siku robota linapofunguliwa. Muulize kwa adabu mtunza stoo, au mhudumu wa afya wa kijiji chenu, mzigo huingia wiki gani, upange kwenda siku chache baadaye. Omba za miezi miwili ukiwa umetulia. Wengine hukubali wakishakuzoea.

Lakini hapo kuna sharti. Dawa nyingi ndani ya nyumba ni hatari siku ukishuka, siku zile mtu anapoona heri asingekuwepo. Hukuniandikia kama umewahi kufika huko, nami sikuulizi hadharani. Dawa zikae kwa mama yako, akupe za wiki. Na fikra hizo zikija, mwambie mtu siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Hata mwezi utakaopewa dawa bure, weka 80,000 kando. Ndiyo, zilezile ulizojisifia. Kikopo kiwe cha dawa peke yake, kisiguswe kwa ada wala kwa mchango wa arusi. Kabati la serikali likiwa tupu unanunua bila kukopa. Bima ya afya ya taifa ingetusaidia hapa, ila muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 ulikwama, na ugonjwa wako hauwezi kuungoja.

Ukinunua, nunua kwa akili ya sokoni. Mwombe mwandikaji aandike jina la dawa yenyewe, asiandike jina la kampuni. Epilim ni valproeti, na kuna valproeti za viwanda vingine zenye kazi ileile kwa bei ya chini. Uliza maduka matatu kabla ya kutoa pesa, na binamu yako wa Kisenyi aulize mawili ya Kampala, maana dawa inaweza kupanda basi bila wewe. Atoe risiti, asome tarehe ya mwisho wa matumizi, na duka liwe na leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Ukipata ya kiwanda kimoja ikakufaa, usirukeruke kila mwezi, na ukibadilisha mwambie anayekutibu. Uliza pia miligramu: mara nyingine kidonge kimoja cha 10 ni nafuu kuliko viwili vya 5. Usikate kidonge bila kuuliza. Valproeti nyingi zina ganda au zimetengenezwa ziyeyuke polepole, na ukizikata umeziharibu. Na anayekuuzia dawa yenye mhuri wa Serikali ya Uganda kwamba haiuzwi, anakuuzia kodi yako mwenyewe. Mwache.

Tena muulize mtaalamu swali ambalo wagonjwa wetu huliogopa: kila dawa kati ya hizi inafanya nini, na bado nazihitaji zote mbili? Mara nyingi mtu aliyepanda sana hupewa dawa mbili, na akitulia muda mrefu moja huweza kupunguzwa polepole. Si sasa, ukiwa unaamka saa tisa. Ila iwe kwenye daftari.

Nimefika kwa jirani yako na kabamazepini. Dawa hiyo ni ya kweli, hutumika kwa kifafa na kwa bipola pia, na kwa kuwa wenye kifafa ni wengi haikosekani sana vituoni. Lakini umeniambia una kijiti mkononi nisiwe na wasiwasi, kumbe hapo ndipo umenitia wasiwasi. Kabamazepini inalifanya ini lichome haraka homoni za kijiti na za vidonge vya kuzuia mimba. Kijiti kinabaki mkononi, unakigusa kwa kidole, na mimba inaingia. Inavuruga dawa nyingine pia, zikiwemo baadhi za VVU. Ukihamishiwa kabamazepini, na uamuzi huo awe nao anayekutibu, muulize kuhusu kitanzi cha shaba au sindano ya miezi mitatu, ambavyo havisumbuliwi hivyo.

Na valproeti unayotumia ina jambo zito zaidi, linalonishangaza kama hukuambiwa katika safari zote hizo. Kwa mwanamke anayeweza kuzaa, hiyo ni dawa ya kuangaliwa upya. Watoto waliokuwa tumboni mama akiitumia, karibu mmoja katika kila kumi huzaliwa na kasoro ya mwili, kama uti wa mgongo usiofunga, na watatu hadi wanne katika kumi hupata shida ya kukua akili na kujifunza. Usiiache kesho kwa kusikia haya, nakuomba. Ukiiacha ghafla utapanda, na tayari mguu mmoja uko kwenye ngazi. Lakini kama kuna posa, na posa zetu hazikai mwaka bila watu kuanza kukutazama tumbo, basi siku ya Arua anza na hili. Mwambie: nina miaka 33, nataka kuolewa, nipeni dawa itakayoniruhusu kuzaa. Ukishika mimba bila kupanga, rudi upesi, bila kuacha dawa mwenyewe.

Huenda wakakutajia lithiamu. Ni dawa ya zamani, ilianza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1949 huko Australia, na kwa watu wengi bado hakuna inayoipita. Kidonge chenyewe si ghali. Gharama iko kwenye damu: lazima upimwe kiwango chake, saa 12 baada ya dozi ya mwisho, mara kwa mara mwanzoni na baadaye kila miezi mitatu hadi sita, pamoja na figo na tezi ya shingo. Kiwango kikizidi ni sumu. Kabla hujaikubali uliza kipimo kinafanyiwa wapi na kwa bei gani, maana lithiamu bila kipimo ni pikipiki bila breki. Anayeitumia asimeze diklofenaki wala aibuprofeni, hizo tunazonunua dukani kama peremende mgongo ukiuma; Panadol inatosha. Akiharisha au akitapika kwa malaria aende kituoni, kwa sababu maji yakipungua mwilini lithiamu inapanda. Ujauzito nao ni habari ya kuzungumza na mtaalamu. Na Ramadhani, kabla hujafunga, uliza. Dawa nyingine zinagawanyika vizuri kati ya futari na daku, lakini kukaa na kiu mchana wa West Nile ukiwa na lithiamu si jambo la kujiamulia.

Olanzapini nayo inakupa njaa. Usipoiangalia itakuletea unene na kisukari, na hapo utakuwa na hesabu nyingine. Kupima uzito, presha na sukari ni kazi ndogo kituoni. Fanya kila unapochukua dawa.

Sasa deni. Ukipanda, mkono wako si wako, na haifai kutegemea kwamba siku hiyo utajizuia. Jifunge ukiwa mzima. Mwambie muuzaji wa jumla, mbele ya mama au ndugu unayemwamini, kwamba mzigo wa deni unaozidi robota moja hautoki bila sahihi ya huyo wa pili. Akiba yako ya SACCO au ya kikundi itoke kwa watu wawili. Laini ya simu yenye mikopo, ile inayokutumia ujumbe usiku kwamba unastahili laki mbili, ifunge. Halafu ukiwa na mtaalamu, andikeni ukurasa mmoja: dalili zangu za kwanza ni hizi (wewe unazijua, kulala chini ya saa tano kwa usiku mzima na kupanga nguo usiku), zikionekana siku mbili mama ampigie fulani, dawa ibadilishwe hivi. Mama awe nao, na binamu awe nao. Kushikwa siku ya tatu hugharimu nauli ya Arua. Kushikwa siku ya kumi hugharimu wiki tatu wodini. Kitanda ni bure, lakini chakula cha mama, sabuni na kibanda kilichofungwa si bure.

Mganga sina ugomvi naye akiomba dua. Akiomba mbuzi, mwambie mbuzi wako kwenye kikopo cha dawa. Pombe na mairungi (miraa) ziache, maana hizo unalipa mara mbili. Na uliza kama kuna kikundi cha Mental Health Uganda katika wilaya yenu. Ni chama cha wagonjwa wenyewe na familia zao, na wao ndio hujua mapema kabati la wapi limejaa.

Tuone itakuwaje mwaka ukienda vizuri. Arua kila miezi mitatu kwa taksi, ambayo hata uikadirie kwa bei ya juu haifikii nusu ya basi la Kampala. Kikopo 80,000 kwa mwezi. Daktari wa kulipia hakuna, au mara moja kwa mwaka ukimhitaji. Umeshuka kutoka 450,000 hadi kitu kisichofika 120,000 katika mwezi wa kawaida, na dozi imebaki nzima.

Kuhusu huyo anayekuposa: yeye naye apewe ule ukurasa mmoja ausome kabla ya mahari. Ukiona ameukunja akautia mfukoni na kukuuliza namba ya simu ya mama, hapo tutazungumza habari za gauni.

Nami niandikie ukishatoka Arua, uniambie unalala kwa saa ngapi.

Shangazi